Wenyeji wakitaka kukutoa nje ya mji: mambo ya kupanga kabla hamjaanza kutembea

Kama umesafiri na una marafiki pale ulipofikia, wikendi usiimalizie kwenye maduka. Miji mingi ina msitu, kilima, mto au fukwe fulani sio mbali, na mwenyeji anajua njia ambayo we ungeitafuta kwenye simu siku nzima usiipate.

Ila kuna kitu kimoja cha kuelewa mapema: rafiki yako anapajua mahali, mwili wako haujui. Ye akisema "ni karibu tu hapo, hatuchoki" anamaanisha yeye hachoki, kapazoea. Na wengine, tusidanganyane, mara ya mwisho walifika huko na safari ya shule ya msingi alafu wanaongea kama walinzi wa hifadhi. Kwahiyo usiulize kama ni mbali, uliza kilomita ngapi kwenda na kurudi, tunapanda mita ngapi, na we mwenyewe umefika lini mara ya mwisho. Ukishapata namba piga hesabu. Kuna Mskoti anaitwa William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 na wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Yaani kilomita 10 zenye mita 600 za kupanda ni saa tatu, na hapo hamjapumzika, hamjapiga picha, hakuna aliyeumia kisigino. Mi naongezaga nusu ya muda juu yake, hasa mkiwa kundi, maana kundi linatembea kwa spidi ya yule wa mwisho, na mgeni mara nyingi ndo wa mwisho.

Mkishajua muda, pangeni saa ya kugeuka. Sio saa ya kufika, saa ya kugeuka, mkubaliane kabla hamjatoka kwamba ikigonga hiyo tunarudi hata kama kilele tunakiona. Hapa ndo wageni wengi wanaharibu kwasababu wanaona aibu kusema nimechoka mbele ya watu waliojitolea siku yao, wanajikaza kisabuni mpaka giza linawakuta. We sema mapema. Mkiwa njiani na hamna uhakika jua limebaki kiasi gani, nyoosha mkono mbele, panga vidole kati ya jua na upeo wa macho, kila kidole ni kama dakika 15. Sio saa ya ukutani, ila inatosha kuwaamsha, na ndani ya msitu giza linaingia mapema zaidi.

Simu: shusha ramani ya eneo zima ukiwa bado na waifai, GPS inafanya kazi hata pasipo na netiweki kwasababu inasoma satelaiti, kinachokosekana ni picha ya ramani tu. Sehemu yenye netiweki ya kusuasua weka ndege mode, maana simu inamaliza chaji kwa kutafuta mnara. Na mtu mmoja aliyebaki mjini ajue mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Nguo zinategemea urefu. Kwa wastani joto linashuka nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1000, kwahiyo mji wa nyuzi 26 juu ya mlima mrefu unakuwa kitu kingine kabisa, na ukishatoa jasho upepo ukakupiga ndo utajua. Beba koti hata wakikucheka. Maji, nusu lita kwa kila saa ya kutembea ni mahali pazuri pa kuanzia, jua kali ongeza. Viatu, raba ulizozoea ni bora kuliko buti jipya la jana.

Hali ya hewa hapo msikilize mwenyeji kabisa, akisema wingu lile sio zuri usibishane nalo. Mkiona radi hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, zikiwa chini ya 30 iko karibu sana, shukeni kutoka kwenye kilele, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, na subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mto nao ukianza kuwa na tope ghafla au kuleta vijiti na majani, tokeni, mvua imenyesha huko juu hata kama kwenu jua linawaka.

Hela ongeeni kabla. Sehemu nyingi mgeni kutoka nje analipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, kwahiyo rafiki yako aulizie bei zote mbili, na vibali kama vipo, droni ndo usiirushe kabisa bila kuuliza. Mafuta ya gari changia bila kusubiri kuombwa, wengi hawatakuambia.

Mkirudi toa tope lote kwenye soli kabla hujafunga begi. Mbegu na magonjwa ya mimea husafiri na udongo, na ukiingia nchi kama New Zealand au Australia unatakiwa useme kama una viatu vyenye udongo, usipotaja wakavikuta unaweza kupigwa faini palepale uwanja wa ndege.