Kutoa karabai, kuweka sola: namna ya kuomba mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri

Wavuvi wa dagaa wa Igombe, Kayenze na Ukerewe, huku Ziwa Victoria, mnaniuliza sana hela ya kuacha karabai na kuweka taa za sola inapatikana wapi. Ipo halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayokopeshwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Pale usitafute dirisha la fedha za kupunguza hewa ukaa, mnaomba kama kikundi cha uvuvi tu, hewa chafu itapungua yenyewe mkiacha kuchoma mafuta ya taa usiku kucha.

Kikundi kiwe na watu watano au zaidi, mnaoaminiana, sio shemeji ameongezwa ili idadi itimie. Katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo atawaelekeza usajili na maombi ya kwenye mfumo wa mtandaoni, muwahini mapema.

Sasa andiko la mradi, hapa ndo wengi tunaanguka. La kwetu la kwanza lilikuwa kurasa mbili za mabadiliko ya tabianchi, likarudi na swali moja, mtalipaje? Basi chukua daftari, kila usiku wa giza, yaani usio na mbalamwezi ambao ndo tunavua, andika karabai ngapi, lita ngapi, mafuta yalikuwa bei gani, vioo vingapi vimepasuka, ukijumlisha siku zote za giza ndo unaona hela ambayo sola itakuokolea na hiyo ndo inalipa mkopo. Ambatanisha profoma, ile karatasi ya bei kutoka dukani, ya taa, paneli na betri, kutoka duka lenye waranti, maana betri ikifa mapema deni halifi nalo.

Alafu kuna mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, hela hamna, ila tarehe ya marejesho haijui mbalamwezi na giza lenyewe linasogea kwenye kalenda kila mwezi. Sisi tunachofanya, mzigo ukiuzwa tu rejesho linatoka kwanza linaingia akaunti, kabla ya kugawana, vilevile kama zamani ilivyokuwa inatoka hela ya mafuta ya taa.