Bushi za ekseli ya nyuma kwenye Toyota IST: jinsi ya kubadili, na kwa nini usikaze bolti gari ikiwa inaning'inia

Kama IST yako inagonga nyuma kila ukipita tuta na shokapu umeshabadili na bado inagonga, basi angalia bushi za ekseli, yani vile viungo vya raba vinavyoishikilia ekseli kwenye bodi. Mwanza hapa gari zinateseka sana, mtu anakaa Bugarika au Mabatini kila siku anapanda na kushuka kwenye mawe, jioni anapakia viroba vya dagaa Mwaloni Kirumba, sasa hiyo raba itavumilia nini? Na IST hizi za kwanza zilitengenezwa 2002 mpaka 2007, kwa hiyo kama bushi ni zile zilizotoka nayo Japani basi zina karibu miaka 20 au zaidi.

Nazungumzia IST ya kuvuta mbele, yani zile ambazo namba ya chesesi inaanza na NCP60 au NCP61. NCP65 inavuta miguu yote na nyuma yake imetengenezwa tofauti kabisa kwa hiyo haya hayaihusu. Kwenye hizi za kuvuta mbele tairi mbili za nyuma zimeunganishwa na chuma kimoja kipana ambacho mafundi wengi wanakiita ekseli, na chuma hicho kimeshikwa na bodi sehemu mbili tu, kushoto na kulia, kila sehemu kuna bolti moja na bushi moja. Bushi mbili tu, basi. Zikifa ekseli nzima inacheza: utasikia kugonga, nyuma inachelewa kufuata ukikata kona, ukishika breki kwa nguvu gari inahama kidogo, na tairi za nyuma zinaanza kuliwa upande.

Kuhakikisha ni rahisi. Ingia chini na tochi uangalie raba, ikiwa imepasuka mpasuko mrefu au chuma cha katikati kimeshuka hakipo katikati tena, imekufa. Halafu chukua mtaimbo mdogo usukume ekseli mbele na nyuma pale kwenye bolti, kusogea kidogo ni kawaida maana raba ni laini, ila ikigonga chuma kwa chuma hapo hakuna mjadala.

Sasa kabla hujashika spana naomba usome hapa kwa makini maana ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Mara ya kwanza nilipeleka gari kwa fundi, akabadili bushi zote mbili vizuri tu, zilikuwa mpya, nikalipa. Haikufika miezi mitatu zikachanika. Nikalaumu spea, nikanunua nyingine za bei juu, nikaanza kuuliza na kusoma ndo nikaelewa kwamba spea haikuwa na kosa, bolti zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki. Bushi ya raba sio beringi, haizunguki. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na kwenye chuma cha nje, ukikaza bolti chuma cha ndani kinabanwa kabisa na bodi, na ekseli ikipanda na kushuka ni raba yenyewe inajisokota halafu inarudi. Sasa ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, maana yake umeiambia raba kwamba hapo ndo pa kupumzika, ukishusha gari chini tayari imesokotwa hata kabla hujawasha injini, tuta likija inasokotwa zaidi, inachanika. Ikikazwa gari ikiwa kwenye kimo chake cha kawaida raba inapumzika pale pale gari inapokaa muda mwingi. Ni jambo la dakika kumi tu ila ndo linaamua kama bushi itakaa miezi au miaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa gari ikiwa bado chini, sehemu tambarare, haina mzigo, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi ya nyuma mpaka ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, uandike. Mimi nilipata sentimita 37. Hiyo namba utaihitaji mwishoni.

Dukani nenda na namba ya chesesi na ikiwezekana bushi yenyewe ya zamani, maana za Vitz na za IST zinafanana kwa macho. Nunua mbili hata kama imekufa moja. Kuna za plastiki ngumu za rangi rangi pia, zinadumu lakini gari inakuwa ngumu na hizo zinataka grisi yake ya silikoni, kwa barabara zetu mimi nabaki na raba.

Kutafuta tambarare Mwanza ni kazi kama unakaa mlimani, ila usifanye hii kazi kwenye mteremko hata kidogo, bora uende kwa rafiki Nyakato au Buhongwa penye uwanja. Weka gia P, ziba tairi za mbele kwa mawe mbele na nyuma, mawe hatukosi. Lakini mawe ni ya kuzuia tairi tu! Gari isikae juu ya mawe wala tofali wakati wewe uko chini yake, tofali linapasuka ghafla bila kukupa taarifa. Tumia stendi mbili za chuma, uziweke kwenye ule ukingo wa chini ya mlango pale penye alama mbili za kukatwa. Handbreki iachie ili kebo zilegee.

Legeza nati za tairi (boksi ya 21) kabla ya kuinua, inua, weka stendi, itikise gari kwa mkono uone imetulia, toa tairi. Weka jeki chini ya ekseli ibebe uzito kidogo. Fungua vibano vya mpira wa breki, waya wa ABS kama upo na kebo za handbreki vilivyoshikwa kwenye ekseli, mpira wa breki usivutwe wala usibebe uzito wowote, ukiuona umekaza simama. Mabomba ya breki usiyafungue na hutahitaji kutoa upepo kwenye breki. Toa bolti za chini za shokapu, shusha jeki taratibu mpaka springi zilegee, zitoe na raba zake ukikumbuka ipi ya kushoto.

Bolti mbili kubwa za bushi zipulizie dawa ya kutu jana yake, sio dakika hiyo hiyo. Gari zilizotumika kule Japani kwenye theluji barabarani wanamwaga chumvi, utazijua kwa kutu la chini, na bolti hizo zinashikana na chuma cha ndani cha bushi. Tumia spana ndefu na nguvu ya taratibu. Kuna watu wanachoma bushi kwa gesi itoke haraka, mimi nakataa, moshi wa raba ni sumu na tangi la mafuta liko hapo hapo karibu.

Ekseli ikishuka upande wa mbele, kabla ya kutoa bushi chora kwa rangi kwenye ekseli mahali zile nafasi wazi za raba zinapoelekea, na pima bushi imetokeza kiasi gani. Nafasi zile hazikuwekwa kwa urembo, upande wenye uwazi ni laini na upande uliojaa ni mgumu, ukiigeuza gari haitakaa sawa barabarani.

Kutoa: kama unaweza kuitoa ekseli nzima ipeleke penye presi (mashine ya kusukuma bushi), gereji za Nyakato zipo nyingi, wanakutolea na kukuingizia muda mfupi. Ukifanya nyumbani tafuta bolti ndefu ngumu, washa nene, na kipande cha bomba kipana kuliko bushi, unavuta bushi iingie ndani ya bomba kwa kukaza nati. Ikigoma toboa raba kwa drili uitoe, kisha ingiza bledi ya hekso (msumeno wa chuma) ukate chuma cha nje taratibu, ukikaribia kumaliza punguza kasi usije ukakata na ekseli. Safisha tundu kwa msasa.

Kuingiza mpya paka maji ya sabuni, sio oili wala grisi ya kawaida maana mafuta yanavimbisha raba. Sukuma kwenye chuma cha nje tu, ukibonyeza chuma cha katikati unaiua kabla haijatembea. Fuata alama ulizochora na kipimo chako.

Rudisha ekseli, bolti zote mbili zifunge kwa mkono tu. Rudisha springi zikae sawa kwenye vikombe vyake, shokapu, vibano vya breki. Sasa pandisha jeki chini ya ekseli pole pole, upande huu na ule, mpaka futi isome ile namba uliyoandika mwanzo, kwangu 37, stendi bado ziko chini ya gari. Hapo ndo unakaza bolti za bushi, kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha gari yako. Bolti za chini za shokapu zina bushi ya raba pia, nazo zikaze hapo hapo.

Rudisha tairi, nati za tairi zikaze kwa toki spana 103 Nm (nyutoni mita). Bonyeza breki mara kadhaa, jaribu handbreki, halafu tembea kwanza polepole barabara ya Nyerere mpaka Igoma na kurudi, matuta yapo ya kutosha kujua kama bado inagonga. Baada ya wiki rudi chini uangalie bolti zile mbili.