Tengeneza efekti ya maandishi mara moja, uitumie kwenye lebo zote

Wadau wa dizaini hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa na Kabwe mpaka Uyole, na nyie wa Iringa na Njombe, naona wengi bado mnatengeneza efekti ya maandishi upya kila kazi inapoingia. Mteja wa mchele wa Kyela kaleta lebo ya kilo 5, umempigia herufi za njano zenye mpaka wa kijani na kivuli nyuma, safi kabisa, baadae anataka ya kilo 25 na bango la dukani, unaanza kukisia ile kijani ilikuwa ipi na mpaka ulikuwa na unene gani, mwisho mifuko ya mchele uleule inapangwa dukani inaonekana kama ya wafanyabiashara wawili tofauti. Hiyo ni biashara ya mtu inaumia. Natumia Illustrator hapa, ile programu ya dizaini ya Adobe, wa Inkscape nawafikia.

Kwanza, usigeuze maandishi kuwa maumbo mapema, acha yabaki maandishi ili mteja akibadili neno unaandika tu. Chagua neno zima kwa ule mshale mweusi, weka rangi ya ndani na ya mpaka zote None (yaani hakuna rangi), neno litapotea kwenye skrini lakini usishtuke lipo. Fungua paneli ya Appearance kwa Shift+F6, ongeza Fill mpya (rangi ya ndani) upake njano, kisha ongeza Stroke (mpaka) ya kijani uiburute iwe chini ya Fill. Hapo kwenye kuburuta ndo pa muhimu, maana mpaka nusu yake huwa inaingia ndani ya herufi, ukiuacha juu herufi zinaliwa zinakuwa nyembamba, ukiwa chini inaonekana ile nusu ya nje tu, kwa hiyo ukitaka pointi 4 zionekane weka 8. Halafu kwenye mipangilio ya Stroke chagua Round Join, kona za mviringo, la sivyo M na W zinatoa miiba kwenye kona, na majina ya huku kwetu yamejaa M na W.

Kivuli kile kinene cha mabango: ongeza Stroke nyingine chini kabisa, nyeusi, unene uleule, hakikisha mstari wa Stroke hiyo ndo umechaguliwa kwenye Appearance, nenda Effect, Distort & Transform, Transform, sogeza pointi 0.5 kulia na 0.5 chini, Copies weka 20. Inatoka kama herufi zimechongwa.

Sasa kuhifadhi. Neno likiwa bado limechaguliwa fungua Graphic Styles, paneli inayotunza efekti kama style, Shift+F5, shikilia Alt ubonyeze kile kitufe cha New, itakuuliza jina hapohapo. Lipe jina linaloeleweka, kama "mchele njano lebo", sio staili 1 staili 2, ukirudi miezi ijayo hutakumbuka. Lakini hapo style ipo ndani ya faili hilo tu! Kwenye menyu ya paneli bonyeza Select All Unused ufute zisizohusika, kisha Save Graphic Style Library. Kuanzia hapo ukifungua kazi yoyote utaikuta kwenye menyu hiyohiyo ya paneli, Open Graphic Style Library, User Defined, unachagua maandishi, unabonyeza, imekaa. Na kopi ya hilo faili weka kwenye flashi au Google Drive, kompyuta ikifa usipoteze kazi za wateja wote.

Kinachosumbua wengi ni saizi. Style inakumbuka pointi, haijali herufi zako ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo mpaka wa pointi 8 uliopendeza kwenye herufi za pointi 90 ukiuweka kwenye herufi za pointi 20 unaziba kila kitundu, na kwenye bango hauonekani. Dawa ni mbili: tengeneza toleo la lebo na la bango kila moja na jina lake, au ingia Preferences, General, uwashe Scale Strokes & Effects ndo ulikuze lile neno ambalo tayari lina efekti. Mimi napenda ya pili kwa kazi za mteja mmoja kwa sababu uwiano haubadiliki hata kidogo.

Style pia haibebi fonti, andika jina la fonti kwenye jina la style. Na rangi, kama ulitengeneza kwenye faili la RGB (rangi za skrini) ukaitumia kwenye la CMYK (rangi za wino wa kuchapa) ile kijani kali ya parachichi itapooza, so kama kazi inaenda kuchapwa anza na CMYK.

Mteja akitaka mpaka uwe mwekundu, badili kwenye Appearance, kwenye menyu yake bonyeza Redefine Graphic Style, maneno yote yenye style hiyo ndani ya faili yanabadilika kwa pamoja.

Wa Inkscape, ambayo ni bure: mpaka kuwa nyuma ya herufi upo Fill and Stroke, Stroke style, Order. Tunza faili moja la SVG lenye sampuli zako zote, ukihitaji unakopi sampuli kwa Ctrl+C, unachagua neno jipya, Ctrl+Shift+V inabandika style tu.

Ukituma kwa mchapaji, save kopi, na kwenye hiyo kopi tu ndo ufanye Create Outlines, yaani kugeuza maandishi kuwa maumbo, ili asipate shida ya fonti. Ile original yenye maandishi hai baki nayo.