Kabla ya kung'oa kalavati hifadhini: udongo, kibali na maji ya kushindilia

Nimesimamia ubadilishaji wa makalavati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, kwenye barabara za hifadhi za Tanzania kwa miaka kadhaa. Nyingi ni zile za vumbi zinazotumiwa na askari, magari ya watalii na malori ya chakula ya kambi. Ninayoandika hapa ni ya kufanya kabla kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, hakijashuka kwenye lori. Ukishachimba umechelewa.

Kwanza, wakati. Fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba. Vuli ikikukuta na mtaro wazi, hiyo barabara umeipoteza. Halafu mwulize mhifadhi wanyama wanapita wapi mwezi huo. Ukanda wa magharibi wa Serengeti, kwa mfano, nyumbu huwa wamejaa kuelekea Grumeti karibu Mei na Juni, na kukata barabara kipindi hicho ni kuwasumbua wao na kujisumbua mwenyewe.

Pili, njia ya kupita. Magari yatapita wapi wakati barabara imekatwa? Mchepuko nao huombewa kibali, kwa sababu hifadhini huruhusiwi kukanyaga nyasi utakavyo. Weka alama pande zote mbili, na uwaarifu madereva wa kambi na hoteli mapema.

Tatu, chungulia kalavati la zamani kabla ya kuligusa. Fisi hulala humo, ngiri na nungunungu pia, na chatu akipata ubaridi hatoki. Mwite askari aje na tochi. Usimtume kibarua kuingiza mkono.

Nne, usafi wa mitambo. Osha kijiko, lori na kompakta (mashine ya kushindilia) kabla ya geti, hasa ukitokea maeneo ya Arusha ambako gugukaroti, gugu vamizi, limeenea. Mbegu zake husafiri na tope la magurudumu na moramu, ule udongo wa changarawe wa kujazia, ya kutoka nje. Mkaguzi makini ataanzia kwenye matairi kabla hajaomba karatasi yoyote.

Sasa tuje kwenye udongo. Sehemu kubwa ya barabara za hifadhi zetu zinazokatika zimekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi huwa mgumu kama tofali na una nyufa ambazo mkono unaingia mpaka kiwiko. Fundi mgeni akiupiga sururu ukamrudisha, atakuambia msingi ni mzuri, mlaze bomba hapohapo. Mkatalie. Udongo huo ukinywa maji huvimba na kuinua kilicho juu yake, ukikauka husinyaa na kukiacha kinaning'inia. Ringi za zege, vile vipande vinavyounganishwa kuwa bomba, hazivumilii mchezo huo: maungio hufunguka, maji hutoka nje ya bomba na kuanza kula udongo wa chini. Sisi huondoa angalau sentimita 60 za udongo mweusi chini ya kitanda cha bomba, lile tabaka ambalo bomba hulalia, tukajaza moramu nzuri kwa matabaka. Uliochimbwa usirudishe kamwe kujazia pembeni, hata kama moramu imepungua na lori liko mbali. Ule wa juu kabisa wenye mizizi ya nyasi utenge peke yake, utaurudisha mwishoni uso uote tena. Unaobaki upelekwe mahali palipotajwa kwenye kibali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo rundo lako na kambi yako vikae mbali na hapo.

Moramu nayo ina maswali yake. Inatoka shimo gani? Kibali cha kubadilisha kalavati hakikupi ruhusa ya kuchimba moramu ndani ya hifadhi. Shimo hutajwa kwa jina lake, pamoja na namna litakavyofukiwa. Je, imepimwa? Mkaguzi atauliza ni G ngapi, yaani daraja lake la ubora. G15 maana yake ni kwamba kipimo cha ubebaji wa mzigo hakishuki chini ya 15, na kipimo hicho hufanywa baada ya sampuli kulowekwa siku 4 maabara. Ongeza safari ya kwenda mjini, foleni ya maabara na kurudi. Peleka sampuli mwezi mmoja kabla. Wengi hupeleka wiki ya kuanza kazi, matokeo yakatoka bomba limeshafunikwa.

Ukubwa wa bomba ni suala la mhandisi, ila nitasema hili: milimita 600 hifadhini huziba. Majani, matawi yaliyovunjwa na tembo na kinyesi chao vikijikusanya, hakuna mtu anayeweza kuingia kusafisha. Ukiweza kupata milimita 900, chukua.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, nikalifundishwa na barabara yenyewe, ni maji. Ninasema maji ya kushindilia, ambayo ni suala tofauti na yale yatakayopita ndani ya bomba.

Ilikuwa Septemba, katika hifadhi moja ya mbuga nyeusi. Tulikuwa na kibali kamili, au ndivyo nilivyoamini. Kilitaja kalavati, shimo la moramu nje ya hifadhi, mitambo, idadi ya watu, kambi, hata choo. Neno maji halikuwemo popote, na mimi niliyekisoma mara tatu sikuliona pengo hilo. Siku ya kwanza ya kujaza, dereva wa boza alifanya alichokuwa anafanya kila mahali: alishuka mtoni, akatupa mpira wa pampu kwenye dimbwi lililobaki. Viboko walikuwa wamebanana humo kama magunia ghalani, migongo imekauka kwa jua. Hazikupita dakika 20, mhifadhi akafika na gari. Akasimamisha boza, akauliza kibali cha kutumia maji cha Bodi ya Maji ya Bonde kiko wapi. Hatukuwa nacho.

Alikuwa na haki kabisa. Kutumia maji ya mto kunaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na nchi ina mabonde 9, kila moja na bodi yake. Ukiwa Katavi uko bonde la Ziwa Rukwa, magharibi mwa Serengeti uko bonde la Ziwa Viktoria, Ruaha uko Rufiji. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993. Mhifadhi aliyeona samaki na viboko wakifa kwenye matope hawezi kukuachia boza la lita 10,000 kwa sababu una haraka.

Kisima kilichoruhusiwa kilikuwa getini, zaidi ya kilomita 40. Boza liliweza safari moja kwa siku, na siku ya pili likapasua tairi. Mtaro ulikuwa wazi, ringi zimelazwa, vibarua wanalipwa kwa siku, mkandarasi ananipigia simu. Nikasema tuendelee, tutashindilia hivyohivyo. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na nimeyakumbuka mara nyingi tangu hapo.

Moramu kavu inadanganya. Kompakta ikipita inalia vizuri, uso unakuwa mgumu, ukikanyaga kwa kisigino hauachi alama. Ila ilikuwa inatoa vumbi. Lile vumbi lilikuwa dalili tosha, na mimi niliona vumbi tu. Chembe kavu hushikana kwa kusuguana huku hewa ikibaki katikati yake. Siku maji yatakapoingia, mshikano huo unaachia na udongo unazama. Bwana Proctor wa Marekani alishaonyesha mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho hukaza kuliko vyote. Chini ya hapo unapiga hewa, juu ya hapo unapiga tope.

Maji machache tuliyopata tuliyaweka tabaka la mwisho, la juu. Mkaguzi tulimwita siku hiyo, wakati kazi imekwisha. Akapima tabaka aliloliona, likafikisha asilimia 95 ya mkazo wa juu uliopatikana maabara, akasaini. Matabaka ya chini hakuyaona kwa sababu hatukumwita ayaone.

Novemba, mvua kubwa ya pili. Asubuhi barabara ilionekana nzima. Gari la hifadhi likapita na tairi la mbele likatumbukia mpaka kwenye bampa. Uso wa barabara ulikuwa umebaki kama paa, chini pametoboka. Dereva alivunjika mkono. Kituo cha askari kilichokuwa ng'ambo kilikatika, wakawa wanabeba unga na maharage kichwani kuvuka korongo, ndani ya eneo la nyati.

Tulipofukua nilishuka mwenyewe. Kwenye kwapa la bomba, pale ringi inapojikunja kuelekea chini na kompakta haifiki, kulikuwa na tundu la unene wa paja, limelainishwa na maji kama koo la chupa, limetoka mdomo wa juu mpaka mdomo wa chini. Na shibiri moja pembeni ya tundu hilo nilichota moramu kwa vidole. Ilikuwa bado kavu kama unga. Mvua ya usiku kucha ilikuwa imepita kando yake.

Kwa hiyo, panga maji kabla ya kupanga kijiko. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya moramu ni karibu tani 1.9. Ikiwa imekuja na unyevu wa asilimia 3 na maabara imesema inataka 10, unahitaji kama lita 130 kwa kila mita ya ujazo. Mtaro wa kawaida wa bomba la 900 unakula mita za ujazo 30 hivi za kujazia, yaani lita 4,000. Ongeza yatakayokaushwa na jua, zege la kuta za midomo, na kuumwagilia ukuta huo siku 7. Mimi siendi tena saiti bila lita 10,000 zilizokwisha kuwa kwenye tangi, na karatasi inayosema zimetoka wapi. Moramu naimwagilia jioni kwenye rundo, nachanganya kwa koleo, nafunika kwa turubai ilale inywe. Asubuhi nachukua konzi na kuifinya. Ikishikana donge bila kulowesha kiganja, na donge likivunjwa likagawanyika vipande viwili vitatu, iko tayari. Ikimwagika kama mchanga, rudisha turubai na ongeza maji. Ikikuachia tope kwenye mistari ya kiganja, iache ipigwe jua.

Shindilia matabaka ya sentimita 15, kushoto na kulia yapande pamoja, usije ukasukuma bomba upande mmoja. Kwenye kwapa tumia mti wa kutwanga kwa mkono na usimame hapo uangalie, kwa sababu vibarua wakichoka hupita juujuu. Na kila ncha ya bomba, hasa juu maji yanapoingilia, weka ukuta wa zege uliozama ardhini chini ya kitanda. Kitanda cha mchanga kisichofungwa ncha ni mfereji wa pili uliouchimba mwenyewe.

Mkaguzi mwite mara nyingi kuliko anavyotaka kuja: kabla ya kuchimba, chini ya mtaro kabla ya kitanda, ringi zikiwa zimelazwa hazijafunikwa, kila baada ya tabaka kadhaa, na mwisho. Chochote kitakachofukiwa kionekane kwanza na kiandikwe. Akikataa tabaka, usibishane naye, lifumue. Tabaka moja la moramu ni nusu siku ya kazi. Machi 2020 barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ilikatika pale Kiyegeya, Gairo, na nchi nzima ikaona foleni ya malori na mabasi inayoachwa na sehemu moja tu ya barabara ikisombwa na maji. Barabara ya hifadhi ikikatika hakuna kamera, ila askari wa ng'ambo anaumwa vilevile.

Karatasi nyingine ni za kawaida, usizidharau. Usajili wa mradi kwa Bodi ya Makandarasi, OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), ruhusa ya hifadhi yenyewe, na uliza NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mapema kama kazi yako inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Nakala zikae saiti ndani ya mfuko wa nailoni. Zikiwa ofisini mjini, kwa mkaguzi aliye mbele yako ni kama hazipo.

Mtaro usilale wazi bila kuchongewa mteremko upande mmoja, mnyama akitumbukia usiku apate pa kutokea. Kazi ikome jua lingali juu, watu wafike kambini mapema. Redio iwe na chaji, sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani. Mtu asiende kujisaidia peke yake. Chakula kisitupwe ovyo, nyani wakizoea hawaondoki. Mafuta yasimwagwe mtaroni. Na baada ya kufungua barabara usifungashe virago siku hiyohiyo. Subiri mvua ya kwanza kama unaweza, au rudi baada yake, ushuke kwenye mdomo wa chini na tochi, uangalie kama maji yanatoka ndani ya bomba peke yake au na pembeni pia.