Kabla Hujaupasua Uso: Mambo ya Kuzingatia Maabara

Wiki ya kupasua uso wa maiti ikikaribia, wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa udaktari pale Upanga, Dar es Salaam, hukimbilia kukariri majina. Majina yasubiri. Kwanza elewa kwamba misuli inayoonyesha hisia usoni imejishika kwenye ngozi yenyewe, tofauti na ya mkono inayovuta mfupa. Ukichuna uso kwa kasi uliyoizoea kifuani, msuli unaondoka na ngozi na hutabaki na cha kusoma. Kope ndizo zinazoharibika upesi zaidi, kwa kuwa chini ya ngozi yake karibu hakuna mafuta. Platisma, msuli wa shingoni, nayo ni nyembamba kama karatasi. Weka wembe mpya kwenye kisu, kata juujuu, kisha kazi kubwa uifanye kwa koleo na mkasi butu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo simama mbele ya kioo uione misuli hii ikifanya kazi. Pandisha nyusi: hiyo ni frontalisi. Kunja ndita, uone korugeta inavyozivuta nyusi katikati. Fumba macho kwa nguvu, obikularisi okuli inakaza. Tabasamu, zigomatikasi meja inapandisha pembe za mdomo. Bibidua mdomo wa chini, mentalisi inakunja kidevu. Mfaransa Duchenne alichapisha mwaka 1862 picha za nyuso alizozichochea kwa umeme, akaonyesha kwamba tabasamu la furaha ya kweli huhusisha pia msuli unaozunguka jicho. Jaribu kutabasamu bila macho, utaliona jambo hilo usoni mwako.

Neva ya saba ya ubongo, inayoendesha misuli hii ya uso, inataka muda wako zaidi. Inatoka kwenye fuvu kwa tundu dogo chini ya sikio, inaingia ndani ya tezi ya mate ya parotidi, na humo inagawanyika matawi matano: la panja, la mfupa wa shavu, la shavu lenyewe, la ukingo wa taya na la shingo. Inapita tu, wala haiihudumii tezi hiyo. Yatafute matawi yanapochomoza ukingoni mwa tezi, uyafuate kurudi nyuma. Usichanganye na kutafuna: maseta na temporalisi ni za neva ya tano, lakini buksineta, msuli wa shavu, ingawa husaidia kuweka chakula kati ya meno, ni ya saba.

Ingia pia na swali la wodini. Kwa nini mwenye kiharusi mdomo unapinda lakini paji bado linakunjika, na aliyepooza neva yenyewe paji nalo linalala? Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, hivyo kiharusi cha upande mmoja hakilizimi paji, lakini neva yenyewe ikipooza hakuna amri inayofika. Ukilielewa hili sasa, hutawachanganya wagonjwa hawa wawili baadaye.

Asubuhi kula ushibe, hata foleni ikikubana. Harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, na joto la Dar humwangusha mwenye njaa. Lenzi za macho ziache nyumbani, na simu ibaki kwenye begi. Maiti huyu ni mtu, na uso wake haupigwi picha. Ufunikwe kitambaa kibichi kila mnapopumzika.

Mwisho, kikundi kikubaliane mapema: nusu ya kulia ibaki na misuli yake, ya kushoto ndiyo ichimbwe kufuata neva. Zikichimbwa zote mbili, hamtakuwa na pa kulinganishia.