Kutoka Kigoma hadi Annapurna: Jinsi ya Kuyafikia Maporomoko na Kuviona Vilele vya Himalaya

Mji wa Pokhara, katikati ya Nepal, umekaa kando ya ziwa la Phewa katika kimo cha mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko katika mita 770 hivi. Mtu wa Kigoma anayeshuka basi Pokhara hukuta hewa ileile aliyoizoea Kibirizi, akaiona milima ya Annapurna, sehemu ya Himalaya, imesogea karibu kana kwamba angeweza kuifikia kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo anapoweza kukosea. Kilele cha Machhapuchhre, ambacho maana ya jina lake ni mkia wa samaki, kiko kilomita 30 hivi tu kutoka mjini, lakini kina mita 6,993, na njia ya kukielekea humtoa mtu katika hewa ya nyumbani na kumwingiza katika hewa ambayo mwili wake haujawahi kuijua. Kwa sababu hiyo nakushauri uihesabu safari yako kwa kimo cha mahali utakapolala kila usiku, wala si kwa kilomita. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutembea kwa miguu ayafikie maporomoko na kuvitazama vilele. Kupanda kilele chenyewe kwa kamba ni kazi nyingine, na Machhapuchhre haipandwi, kwa kuwa wenyeji wanauheshimu kama mlima mtakatifu.

Jambo la kwanza kuamua ni mwezi, kwa maana maporomoko na vilele havitaki majira mamoja. Mvua kubwa za Himalaya hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, wakati sisi Kigoma tuko kiangazi, na ndipo maporomoko yanapojaa na kunguruma. Lakini wakati huohuo mawingu hufunika vilele kwa siku nyingi mfululizo, udongo huporomoka na kukata barabara, na ruba hujaa kwenye majani ya njiani. Machi hadi Mei njia ni kavu, ila maji yamepungua na mara nyingi ukungu wa vumbi na moshi hutanda mabondeni. Anayetaka vyote viwili na aende kati ya wiki ya pili ya Oktoba na mwanzo wa Novemba: mvua zimekwisha, anga imesafishwa, na mito bado ina maji.

Miguu unaweza kuiandaa hapahapa nyumbani, na kwa kweli ni wachache wenye uwanja mzuri wa mazoezi kama wetu. Anza na Gombe, hifadhi tangu mwaka 1968, ambako unafika kwa boti na ambako mwongozaji wa hifadhi atakupeleka hadi maporomoko ya Kakombe. Zingatia hapo namna mwamba uliolowa unavyoteleza hata pale unapoonekana mkavu, kwa sababu somo hilo utalihitaji tena. Baadaye, ukiwa na nafasi na fedha, nenda hifadhi ya Mahale, kusini mwa Kigoma, upande mlima Nkungwe, ambao kilele chake kina mita 2,462. Kutoka ufukweni hadi juu ni mpando wa mita 1,700 hivi, nao unampima mtu vizuri magoti na subira. Beba mzigo uleule utakaoubeba Nepal, na uvae viatu vilevile, ili malengelenge yakutoke huku na siyo kule.

Lakini Nkungwe unakomea pale hasa ugonjwa wa kimo unapoanzia, kwani kwa kawaida dalili zake huwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi. Mahale itakupa miguu, haitakupa mazoea ya hewa nyepesi, na hata kijana mwenye nguvu za kuvuta nyavu usiku kucha anaweza kulemewa mapema kuliko mzee anayekwenda polepole. Kanuni inayokubalika na madaktari wa milimani ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, usipandishe kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ya hapo, mradi urudi kulala chini.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu lilinikuta. Usiku wa kwanza kule Ghorepani, kijiji cha njiani kwenye mita 2,860, niliamka kichwa kinagonga na tumbo limekataa chakula, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa dawa mseto, maana mtu aliyekulia Kigoma akiumwa kichwa hufikiri malaria kabla ya kufikiri kitu kingine chochote. Mwongozaji wangu aliniwekea kiganja shingoni, akaniuliza kama nina homa, kisha akaninyooshea ubao mmoja wa sakafu na kuniambia niutembee, kisigino kikigusa vidole, bila kuyumba. Niliutembea hadi mwisho, nikapumzika siku nzima palepale, na kesho yake nikawa mzima. Laiti ningeyumba kama mlevi, au kuanza kuchanganyikiwa, au kukohoa na kuhema hali nimeketi, tungeanza kushuka usiku uleule bila kungoja mapambazuko, kwa kuwa dalili hizo zinaonyesha maji yameingia kwenye ubongo au mapafu, na tiba yake ya kwanza ni kushuka.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, muone daktari kwa mambo matatu. Muulize kuhusu asetazolamaidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea kimo, na kama inakufaa. Beba vipimo vya haraka vya malaria pamoja na dawa mseto, na ukipata homa kali ukiwa Nepal, umwambie kila mhudumu kwamba unatoka eneo lenye malaria, kwa kuwa huko juu hataifikiria. La tatu, na naomba lisipuuzwe, pima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: mwenye ugonjwa huo asiende kwenye kimo kikubwa bila ruhusa ya daktari, na hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani hana dalili yoyote, anaweza kupata madhara ya ghafla ya bandama katika hewa nyepesi.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Joto hupungua kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo tafuta kwenye mitumba ya Soko la Mwanga koti jepesi lililojazwa manyoya ya ndege, sweta za sufu, glavu na kofia ya kufunika masikio, na uache suruali za jinzi, ambazo zikilowa hazikauki.

Nepal inamtaka mgeni awe na kibali cha eneo la hifadhi la Annapurna, na tangu Aprili 2023 inamtaka pia atembee na mwongozaji mwenye leseni. Mwite “dai”, yaani kaka mkubwa, au “didi” akiwa mwanamke. Ni adabu inayoeleweka bila kufundishwa kwa mtu anayejua kusema shikamoo. Ukiajiri mpagazi, kumbuka kwamba njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani ilijengwa kwa mabega ya babu zetu. Mzigo wake usizidi kilo ishirini, na kabla hamjaondoka uhakikishe kwamba ana koti, viatu na mahali pa kulala kama wewe. Bima yako nayo iwe inayolipia uokoaji kwa helikopta katika kimo utakachofika.

Njia ninayoipendekeza inaanzia Nayapul, safari fupi ya gari kutoka Pokhara. Siku ya kwanza utapanda ngazi za mawe zisizokwisha hadi Ulleri, kwenye mita 2,000 hivi, na ulale hapo. Siku ya pili utafika Ghorepani, ukipita msitu wenye vijito na maporomoko madogo. Lala huko usiku mbili, na asubuhi ya mwisho uamke saa kumi alfajiri upande Poon Hill, mita 3,210, mwendo wa saa moja hivi kwa tochi. Jua likichomoza, mwanga hushika kwanza ncha ya Dhaulagiri yenye mita 8,167, ukateremka taratibu ubavuni mwake huku mabonde yakiwa bado gizani, na watu wote pale juu hunyamaza.

Kutoka hapo shuka Tatopani, ambako kuna chemchemi za maji moto na kimo ni mita 1,190 tu, kisha ufuate bonde la mto Kali Gandaki hadi Rupse, poromoko linaloanguka kando kabisa ya barabara. Hapa pana mtego, kwa sababu gari linaweza kukutoa Tatopani asubuhi na kukufikisha Muktinath, mahali pa hija kwenye mita 3,700 na zaidi, kabla ya magharibi. Usikubali. Lala Kalopani, kisha Kagbeni, halafu Muktinath uiendee mchana na kurudi. Tembea mapema, maana kuanzia karibu na adhuhuri upepo wa bonde hilo huwa mkali na hupeperusha vumbi machoni.

Kwenye maporomoko yenyewe, simama pale wenyeji wanaposimama. Usiingie mtoni juu ya poromoko hata kama maji yanakufika kwenye vifundo vya miguu, na maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kubeba majani na vijiti, ondoka kwanza, sababu utaitafuta baadaye, kwani huenda mvua imenyesha mbali usikokuona. Ukirudi Pokhara, nenda Devi's Fall, ambako mto unatumbukia kwenye shimo na kupotea chini ya ardhi, na ambako mgeni kutoka Uswisi alisombwa na maji mwaka 1961. Tazama ukiwa nyuma ya uzio, kisha vuka barabara uingie pango la Gupteshwor, ushuke ngazi zake hadi mwisho. Huko chini, kupitia ufa wa mwamba, utayaona maji yaleyale yakishuka pamoja na mwanga.