Kabla hujawapeleka wanafunzi Rwanda, kaa chini upange haya kwanza

Walimu wenzangu, kila ikifika muda wa kupanga ziara za masomo napigiwa simu hizi hizi, mwalimu tunataka kuwapeleka watoto wetu wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) Rwanda wakajifunze mauaji ya kimbari ya 1994, tuanzie wapi? Mimi nimewapeleka mara mbili kutoka hapa Dodoma, mara ya kwanza tulikosea mengi, mara ya pili tukakosea machache, kwahiyo naandika hapa mwenye nia asome kabla hajaanza hata kukusanya michango. Na la kwanza ninalowaambia wote ni kwamba hapo unapeleka watoto msibani. Mtu mzima akienda msibani anajua avae nini, aingie vipi, aulize nini na anyamaze wapi, na hiyo ndo akili ya kupangia safari nzima, mpaka suala la basi na chakula.

Tuanze na tarehe maana ndo inaharibu safari nyingi. Kumbukumbu yao wanaiita Kwibuka, inaanza tarehe 7 Aprili, na ile wiki ya kwanza nchi nzima iko kwenye maombolezo, hakuna muziki wala sherehe, na familia nyingine ndo zinazika upya mabaki ya ndugu zao. Makumbusho yote yanakuwa na wenye msiba wenyewe, ile ni siku yao, usipeleke basi la watoto 45 katikati yao. Kumbukumbu inaendelea siku 100 mpaka Julai mwanzoni lakini ukienda likizo ya Juni unakuta hali imetulia kidogo, na mvua za masika zimekata. Halafu angalia kalenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi isianguke kwenye siku yako kubwa, siku hiyo ni umuganda, watu wote wanatoka kufanya usafi na kazi za jamii kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano na magari hayatembei. Sisi safari ya kwanza hatukujua, tukapakia watoto mapema, hatukufika hata kona ya pili tukasimamishwa, watoto wamekaa ndani ya basi saa tatu nzima wanaangalia watu wakifyeka majani. Lingekuwa kwenye ratiba tungewashusha na majembe yao wakashiriki, na nadhani wangejifunza zaidi.

Makaratasi anza miezi mitatu kabla, usiamini anayekwambia wiki mbili zinatosha. Kila mtoto anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, na huko wataulizwa cheti cha kuzaliwa, na hapo ndo utashangaa, nusu ya darasa vyeti hawana, au jina la kwenye cheti halifanani na la shuleni. Barua ya ridhaa ya mzazi iandikwe na kusainiwa kwa kila mtoto, isiwe karatasi moja ya majina yote. Ruhusa ya shule inapanda kwa mkuu wa shule, bodi, afisa elimu, na kwa vile mnatoka nje ya nchi haiishii hapo, uliza mapema inaishia wapi na usikate tiketi yoyote kabla hujaishika mkononi. Kadi za chanjo nenda kaulize kituo cha afya wanachohitaji kwa wakati huo, na fuatilia matangazo ya Wizara ya Afya mpaka siku ya mwisho. Mwaka 2024 Rwanda walipata ugonjwa wa Marburg kuanzia Septemba, na sisi kwetu Kagera tulipata 2023 na tena 2025, na njia yetu inapita Kagera hukohuko.

Usalama nao uangalie kwenye ramani. Usiongeze Rubavu kwenye ratiba eti watoto wakaone Ziwa Kivu, pale ni mpakani kabisa na Goma ya Kongo, mji uliotekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Wala usipange kurudi kwa kuzungukia Burundi, walifunga mpaka wao na Rwanda Januari 2024. Kigali na wilaya ya Bugesera iliyo kusini yake zinatosha sana.

Sasa nije kwenye lile ninalolijali kuliko yote, maandalizi ya watoto wenyewe, na hapa naomba mnisome taratibu. Watoto wetu wanasema "vita vya Wahutu na Watutsi" kama wanavyosimulia mechi. Lazima wafundishwe kabla ya kupanda basi kwamba vita ilianza 1 Oktoba 1990 waasi wa RPF walipoingia kutokea Uganda, mkataba wa amani ukasainiwa Arusha 4 Agosti 1993, halafu 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ikatunguliwa Kigali akitokea kwenye mkutano hapa kwetu Dar es Salaam, na kesho yake yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hivyo ndo wanavyoyaita wenyewe na ndivyo Umoja wa Mataifa unavyoyaita, na Wahutu waliokataa kushiriki waliuawa nao. Siku kama 100. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1999 ilisema watu kama 800,000, Rwanda wenyewe wanahesabu zaidi ya milioni moja. Mtoto akilijua hilo hatamuuliza mwongozaji swali la kumuumiza kwa kutojua.

Na liko hili la kabila ambalo kwetu sisi tunalichukulia kiwepesi. Hapa Dodoma Mgogo na Mnyamwezi ni watani, wanaweza kutaniana hata msibani na wafiwa wakacheka, mtoto anamuuliza mwenzake wewe kabila gani ndani ya dakika tano za kujuana. Kule hilo swali haliulizwi. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kile kitambulisho ndo kilikuwa kinaamua nani anapita na nani anauawa palepale. Mwambie mtoto atoe kadi ya NIDA ya baba yake aiangalie, haina kabila, halafu mwambie afikirie ingekuwa nalo. Darasa langu lilinyamaza kimya kabisa siku hiyo. Kule kuna sheria kabisa ya kukataza itikadi ya mauaji ya kimbari, kwahiyo utani wa makabila unaachwa mpakani Rusumo, na mwalimu naye aache.

Kabla ya Rwanda wapeleke kwanza Kongwa, ni hapo karibu, unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Kambi ya wapigania uhuru ilianza 1964, walikaa vijana wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine, na makaburi yao yapo. Hapo ndo unawapima. Anayepiga selfi kaburini Kongwa atapiga na Nyamata, kanisa la kumbukumbu kule Rwanda. Mimi nilikusanya simu zote pale, nikawaambia kaeni kimya dakika kumi halafu kila mtu aandike alichokiona, na kwa yale maandishi nikajua nani yuko tayari na nani bado anahitaji kukaa naye. Wawili niliwashauri wasubiri, nikakaa na wazazi wao tukaelewana. Sio adhabu, mtoto mmoja alikuwa amemzika mama yake miezi minne nyuma na kila tulipotaja maiti alikuwa anatetemeka.

Kwahiyo kabla hujaandika majina, uliza kimyakimya historia za watoto wako. Tanzania ilitoa uraia 2014 kwa zaidi ya watu 162,000 waliotoka Burundi, wale waliokimbia 1972 wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wajukuu zao tunao madarasani huku kati, wanaitwa majina kama ya wengine. Unaweza kuwa na mtoto ambaye bibi yake alivuka mpaka na watoto mgongoni na nyumbani hilo halizungumzwi. Muite peke yake, muulize kama anataka kwenda, na jibu lake liwe siri yenu. Mwalimu wa malezi lazima awe kwenye msafara, na matroni mwenye utu, sio yule wa kupiga kelele.

Maeneo ya kutembelea chagua mawili tu. Gisozi pale Kigali, makumbusho yaliyofunguliwa 2004 ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na Nyamata, kanisa lililoko Bugesera, mwendo mfupi tu kusini mwa Kigali. Murambi mimi siwapeleki wanafunzi, pale miili imehifadhiwa kwa chokaa na inaonekana, hilo ni la watu wazima na hata wao wajiandae. Nyamata mnaingia kanisani mnakuta nguo za marehemu zimelundikwa kwenye mabenchi, magauni, makoti, sweta za watoto, zote zimekuwa rangi moja ya udongo, na ukiinua macho bati lina matundu ya mabomu ya kutupwa kwa mkono, jua linaingia kama nyota mchana. Hakuna maelezo unayoweza kuongeza hapo, usiwahubirie watoto, waache. Gisozi kuna chumba cha watoto, picha kubwa ya mtoto na chini yake wameandika alichopenda kula, mchezo alioupenda, na alivyokufa. Binti mmoja wa kidato cha tano alisimama kwenye picha moja mpaka wenzake wote wakatoka, nikamfuata, akaniambia mwalimu huyu anapenda chipsi kama mdogo wangu. Hakulia pale, alilia usiku hosteli, matroni akakaa naye mpaka alipolala. Ndo maana nasema sehemu moja kwa siku, asubuhi, na mchana wapumzike wale vizuri, jioni mkae duara waongee. Ukipanga Gisozi asubuhi na Nyamata mchana na jioni duka la zawadi umewaumiza.

Andikia makumbusho mapema useme idadi na umri, ulizia mwongozaji wa Kiswahili, ni lugha rasmi kwao tangu 2017 lakini usikute kila mwongozaji anaiweza. Uliza pia taratibu za picha, ndani hazipigwi hivihivi. Nguo ziwe za heshima, sare za shule ni bora kuliko zote, na leso kila mtu, namaanisha leso kabisa kwenye orodha ya vifaa. Sweta pia, Kigali jioni kuna baridi.

Basi. Kutoka Dodoma mpaka Kigali kwa Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi mpaka Rusumo ni kama kilomita 1,000, msifanye kwa siku moja, laleni Kahama, na lile pori la kuelekea Nyakanazi mlipite mchana. Madereva wawili. Hakikisha basi lina kibali cha kutoka nje na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, mwambie mwenye basi akuonyeshe kwa macho. Na hili wengi hawalifikirii, Rwanda wanaendesha kulia, mlango wa basi letu uko kushoto, maana yake likisimama pembeni mlango unafungukia katikati ya barabara. Mtoto wetu mmoja aliruka kwenda chooni, pikipiki ikampita kwa kipimo cha mkono. Tangu hapo hashuki mtu mpaka basi limeingia sehemu ya maegesho na mwalimu ametangulia chini. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, rekebisheni mkivuka, na mifuko ya plastiki iishie huku, wao walipiga marufuku tangu 2008 na wanakagua kweli, maandazi ya watoto yafungwe kwenye hotpoti au karatasi.

Hela zipitie akaunti ya shule, sio simu ya mwalimu, hata kama mwalimu ni malaika. Wazazi wetu ni wakulima wa alizeti na zabibu, wape muda walipe kidogokidogo mpaka mavuno, na bajeti iwe na watoto wawili watatu ambao shule inawabeba. Faranga badilisheni benki, watu wa pembeni pale mpakani walitupunja safari ya kwanza na zilikuwa hela za chakula cha siku nzima.

Mkirudi simamisheni basi Benaco, Ngara, palipokuwa na kambi ya wakimbizi. Mwisho wa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na ndani yao walikuwemo hata waliotoka kuua, na wanavijiji wa Ngara walipokea wote bila kujua nani ni nani. Waeleze watoto na Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda iliyoundwa Novemba 1994 ikafungwa Desemba 2015, ndiyo iliyomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na gacaca, mahakama za wananchi wenyewe vijijini, zilizosikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 mpaka zilipofungwa 2012. Hapo wanaelewa kwamba baada ya kuuana watu walirudi kuishi nyumba kwa nyumba, na maswali yao yanabadilika kabisa, wanaacha kuuliza waliuawa vipi wanauliza sasa wanasalimianaje.

Pangeni mfike Dodoma Ijumaa jioni. Wazazi waambiwe kwenye kikao cha kabla ya safari kwamba mtoto anaweza kurudi mkimya, asilazimishwe kusimulia sebuleni mbele ya majirani, apewe chakula, alale, Jumatatu tunakaa naye tena shuleni kabla ya kipindi cha kwanza.